Kijana hatoki kwenye simu: anzia usiku, usianzie kunyang'anya

Mzazi akichoka, hunyang'anya simu. Haipiti wiki, kijana ana laini nyingine ya siri au anaazima simu ya rafiki, na tayari amejifunza kukuficha mambo. Hapo matatizo yamekuwa mawili.

Anza kwa kupima. Mwambie mtahesabu kwa siku 7, simu yake na yako pia, kisha nyamaza mpaka zitimie. Kwenye Android fungua mipangilio, uingie Digital Wellbeing. Kwenye iPhone ni Screen Time. Mtaona saa zilizotumika kwa kila programu na simu imefunguliwa mara ngapi. Zisomeni pamoja. Ukimvizia na kupekua meseji zake, kazi yote imeharibika.

Kisha shikeni usiku. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Anayeamka saa 11 alfajiri kuwahi shule anatakiwa awe usingizini saa 3 usiku, na bando za usiku za bei nafuu zinamvuta upande wa pili. Kwa hiyo simu zote za nyumba, za baba na mama zikiwemo, zichajiwe sebuleni kuanzia saa 2:30. Mnunulie saa ya mezani yenye kengele, la sivyo "nahitaji alamu ya kuniamsha" itairudisha simu chumbani. Matumizi ya mchana msiyaguse kwa wiki 2.

Baada ya hapo punguzeni dakika 30 kwa siku kila wiki, na yeye ndiye achague pa kukata. Msifute kundi la WhatsApp la darasa, maana kazi za shule hupita humo. Jambo moja wazazi wengi hawalijui: mechi ya Free Fire, mchezo wa mapigano wa kwenye simu, huchukua kama dakika 10 na haisimamishwi katikati. Akitoka, anawaangusha wenzake. "Zima sasa hivi!" huzaa ugomvi usio wa lazima, sema "ukimaliza hiyo, weka chini", na usimamie neno lako.

Kila siku mpe dakika 15 zisizo na simu wala mawaidha, mkiosha vyombo au mkienda dukani. Muulize anacheza na nani, akuonyeshe mchezo wenyewe. Mara nyingi nyuma ya simu kuna kudhihakiwa shuleni, upweke au mtihani alioanguka, na hatasema siku ya kwanza.

Atavunja makubaliano. Adhabu iwe ndogo na mliyokubaliana mapema: kesho yake simu iwekwe saa 1:30. Adhabu ya mwezi mzima hata wewe utashindwa kuisimamia.

Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa michezo ya kidijitali kuwa ugonjwa: kushindwa kujizuia, mchezo kutangulia kila kitu, na kuendelea hata unapomdhuru, kwa kawaida kwa miezi 12. Lakini akiacha shule, asipolala kabisa au akitamka kujidhuru, usihesabu miezi. Mpeleke hospitali yenye kliniki ya afya ya akili siku hiyohiyo. Tanzania na Kenya, namba ya msaada kwa watoto ni 116, bila malipo.