Somo: Kujenga Chama cha Wafanyakazi Kinachoendeshwa na Wafanyakazi Wenyewe

Vipo vyama vinavyokusanya ada, kuajiri makatibu na kujadiliana na mwajiri kwa niaba ya wanachama ambao wenyewe hukaa kimya wakingoja kuambiwa matokeo. Somo hili linahusu chama cha namna nyingine, ambacho uamuzi wake hutoka kwa watu walioshika kazi. Msingi wake ni huu: mfanyakazi hulipwa ujira ulio chini ya thamani anayoizalisha, na tofauti hiyo ndiyo faida ya mwenye mali, kwa hiyo mgongano kati yao hauletwi na ukali wa meneja fulani, bali na namna uzalishaji wenyewe ulivyopangwa. Wajumbe waliounda IWW (Industrial Workers of the World), chama cha wafanyakazi cha Marekani, mjini Chicago mwaka 1905 waliliweka jambo hili mwanzoni kabisa mwa tamko lao, wakisema kwamba tabaka la wafanyakazi na tabaka la waajiri hayana maslahi ya pamoja.

Hatua ya kwanza: Ijueni sehemu yenu ya kazi

Kabla ya kuitisha kikao chochote, wafanyakazi wawili au watatu wanaoaminiana waketi waandike nani yuko zamu ipi na idara ipi, nani huombwa ushauri na wenzake, nani yuko karibu na msimamizi, na ni sehemu gani ambayo ikisimama, kazi yote husimama.

Swali hilo la mwisho lina uzito wa pekee. Februari 1919, mjini Barcelona, kampuni ya umeme iliyojulikana kwa jina la La Canadiense iliwafukuza makarani wanane waliolalamikia kupunguziwa mishahara. Wenzao wa ofisini waliweka kalamu chini, mafundi wa umeme wakawafuata, na kwa kuwa viwanda na tramu vilitegemea umeme huo, lalamiko la watu wanane likageuka kuwa mgomo wa siku 44 ulioutikisa mji mzima. Wapiga chapa nao walikataa kuchapisha matangazo yaliyowapinga wagomaji. Mapema Aprili serikali ya Hispania ilitoa amri ya kuweka siku ya kazi ya saa nane.

Hayo hayakutokea kwa bahati. Mwaka 1918, katika mkutano wa Sants, vyama vya Catalonia, jimbo la mji wa Barcelona, vilivyokuwa ndani ya CNT, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Hispania, viliamua kuacha mtindo wa kila aina ya ufundi kuwa na chama chake, vikaungana kwa kufuata kiwanda au sekta. Karani na fundi wa nyaya walipofikiwa na dhoruba ile, tayari walikuwa na njia ya kusimama pamoja.

Hatua ya pili: Zungumzeni na mtu mmoja mmoja

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na hapa ndipo wengi wetu huharakisha. Karatasi ya kusambaza haichukui nafasi ya mazungumzo ya ana kwa ana, mbali na masikio ya msimamizi, na mtu mmoja anayejua kwamba anasikilizwa. Muulize kazi inamwendeaje, ni jambo gani linalomuumiza, na angependa libadilikeje. Usianze kwa kumhubiria juu ya ubepari, kwa maana anaufahamu kwa mwili wake, ingawa huenda haujui kwa jina hilo. Sikiliza zaidi ya unavyosema, kisha muulize swali ambalo waandaaji wengi huliogopa: yuko tayari kufanya nini pamoja na wengine?

Usimwache bila jukumu. Liwe dogo, kama vile kuzungumza na mwenzake mmoja wa zamu ya usiku, kisha urudi kumuuliza limefikia wapi. Mtu anayekubali kila unalosema lakini hafanyi lolote bado hajajiunga, hata kama jina lake limo kwenye orodha. Na yule anayebishana nawe kwa dhati kisha akatimiza alichoahidi anafaa kuingia kwenye kamati.

Hatua ya tatu: Undeni kamati inayofanana na wafanyakazi wote

Kamati iliyojaa watu wa idara moja, lugha moja au jinsia moja huvunjwa kwa urahisi. Katika mgomo wa viwanda vya nguo wa Lawrence, Massachusetts, ulioanza Januari 1912, wagomaji walikuwa wahamiaji wa mataifa mengi. Kila kundi lilichagua wawakilishi wake kwenye kamati ya mgomo, mikutano ikatafsiriwa, na wakawekwa wajumbe wa akiba iwapo wa kwanza wangekamatwa. Tahadhari hiyo ilifaa, kwani Joseph Ettor, aliyeiongoza kamati, alikamatwa kabla mgomo haujamaliza mwezi, na kazi haikukoma. Wajumbe wenu wachaguliwe na idara zao, wawajibike kwa idara hizo, na waweze kuondolewa wakati wowote.

Hatua ya nne: Anzeni na dai mnaloweza kulishinda

Chagueni jambo linalowagusa wengi na ambalo msimamizi ana uwezo wa kulitatua, kisha mwendeeni kwa pamoja. Asiende mjumbe mmoja mwenye barua.

Hatua ya tano: Waelezeni wenzenu mapema atakachofanya mwajiri

Atawaita wachache pembeni na kuwaahidi vyeo. Atasema kampuni ni familia moja, kisha atasema itafungwa. Atamtafutia kosa mtu mwenye sauti. Mfanyakazi aliyeyasikia haya kwenu kabla hayajatokea huyatambua yanapomfikia, lakini aliyeahidiwa njia nyepesi hujiona amedanganywa na nyinyi. Sheria zinazomlinda mwanachama hutofautiana baina ya nchi na nchi, kwa hiyo zisomeni kabla ya kujitokeza hadharani, mkijua kwamba hata sheria nzuri huchelewa kumfikia aliyefukuzwa.

Hatua ya sita: Mgomo, na yanayofuata baada yake

Pigeni kura, wekeni akiba, na pangeni nani atapika, nani atalea watoto, nani atalinda lango. Lawrence kulikuwa na majiko ya pamoja, na watoto wa wagomaji walipelekwa kwa familia zilizowaunga mkono katika miji mingine. Kufikia katikati ya Machi waajiri walikubali kuongeza ujira. Hata hivyo, sehemu ya kusikitisha ya habari hiyo haisimuliwi vya kutosha: katika miaka michache iliyofuata, tawi la IWW pale lilipoteza sehemu kubwa mno ya wanachama wake. Uchumi ulidorora, wanaharakati walifukuzwa, na hapakuwa na kamati za kudumu ndani ya viwanda zilizoweza kuhimili shinikizo hilo. Kwa hiyo siku ya kurejea kazini, kila idara iwe na mjumbe wake na tarehe ya kikao kijacho.

Maswali ya wanachama

*Swali: Ndugu mwezeshaji, wengi wetu ni vibarua wa muda mfupi. Tutajengaje kamati ilhali watu huondoka kila baada ya wiki chache?*

Jibu: Ndugu, chama kiwafuate watu badala ya kuwangoja mahali pamoja. Mwaka 1915 IWW iliunda tawi la wafanyakazi wa mashambani waliohamahama kufuata mavuno ya ngano nchini Marekani. Wajumbe wake walikuwa vibarua wenyewe, waliobeba kadi na mihuri, wakasajili wenzao kambini na kwenye treni za mizigo. Mwanachama alipohamia shamba jingine, kadi yake iliendelea kutumika.

*Swali: Je, tusaini mkataba na mwajiri? Nasikia vyama vya msimamo mkali vilikataa.*

Jibu: IWW ya awali ilikataa mikataba ya muda maalumu, kwa sababu iliwafunga mikono wanachama wasiweze kuwaunga mkono wenzao waliogoma. Hofu hiyo ina haki yake. Kwa maoni yangu, mambo mliyoshinda yaandikwe, lakini kataeni kifungu chochote kinachowanyima haki ya kugoma au kinachohamishia malalamiko yote kwa maofisa. Mkataba hauna nguvu kuliko kamati iliyousababisha.

*Swali: Kama lengo ni kuuondoa ubepari, kudai nyongeza ya mshahara hakuturudishi nyuma?*

Jibu: Inategemea nyongeza imepatikanaje. Ikiletwa na katibu kutoka ofisini, wafanyakazi hujifunza kumngoja katibu. Wakiipata wenyewe, huwa wamejifunza kuhesabu uzalishaji wao, kujadiliana wakiwa na hasira bila kugawanyika, na kuisimamisha mashine kisha kuiwasha kwa uamuzi wao, na huo ndio ujuzi watakaouhitaji ili kuendesha kiwanda bila mmiliki. Kwa hiyo, dai lolote mnalolipanga, jiulizeni kwanza ni wangapi watashiriki kulitekeleza. Mkiona ni watano kati ya mia moja, rudini hatua ya pili.