Kabla hujagusa tairodi za Canter kuukuu

Gari lisimame pa tambarare, penye sakafu ngumu. Zuia tairi za nyuma kwa magogo, vuta hendibreki. Ukipandisha jeki, weka stendi chini ya ekseli. Usilale chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata fundi akikwambia amezoea.

Ila usiikimbilie jeki. Ukaguzi wa kwanza unafanyika tairi zikiwa chini, zimebeba uzito wake. Mtu mmoja akae kwenye usukani autikise kidogo kushoto na kulia, upana wa kiganja tu. Kama usukani ni wa pawa, injini iwake na gia iwe huru. Wewe ingia chini ufuate njia yote: boksi la usukani, mkono wake, dragilinki (chuma kinachounganisha mkono huo na mkono wa tairi), mkono wa tairi, halafu tairodi, chuma kirefu kinachounganisha tairi mbili za mbele. Shika kila kiungo kwa vidole. Vyuma viwili vilivyoungana vinatakiwa kuondoka pamoja. Kimoja kikitangulia na kingine kikafuata, kiungo hicho kimekwisha. Mara nyingi vidole husikia kabla macho hayajaona.

Sasa pandisha. Shika tairi juu na chini, itikise. Ikicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, kisha tikisa tena. Mchezo ukipotea, ni beringi. Ukibaki, ni kingipini, ile pini ambayo tairi hugeukia unapokata kona. Nimeona watu wakinunua tairodi mbili mpya kwa ugonjwa wa kingipini, na gari likaendelea kuyumba vilevile.

Mpira wa vumbi, ule unaofunika kiungo, ukiwa umepasuka, badilisha kiungo. Mchanga na maji vikishaingia, kupiga grisi hakurudishi chuma kilicholika. Na usikubali kabisa kile wanachokiita kufufua boli, ile mbonyeo ya mviringo iliyo ndani ya kiungo: kulijaza kwa kuchomelea au kulibana kwa nyundo ili lisicheze. Linakaza siku ya kwanza, lakini chuma cha usukani kikishapigwa moto kimepoteza ugumu wake, na wewe huna namna ya kujua kitakatika lini.

Ukienda dukani, iwe Gerezani Kariakoo au kwenye duka la mtaani kwako, beba kile cha zamani mkononi. Usitaje "tairodi endi ya Canter" (kiungo cha mwisho wa tairodi) ukadhani umemaliza. Canter ni nyingi, na za miaka tofauti hazichangii kila kitu. Linganisha urefu, unene wa nyuzi, upande wa nyuzi (moja hukazwa kulia, ya upande wa pili hukazwa kushoto), na zaidi ya yote linganisha ule mguu wa koni, unaopungua unene kuelekea mwisho, unaoingia kwenye mkono wa tairi. Hapo kwenye koni ndipo mimi nilipoumia.

Nilikuwa na Canter ya injini ya 4D33 nikibeba nyanya kutoka Ilula kwenda Dar. Dragilinki ilianza kucheza, fundi akabadilisha kiungo cha mbele. Alipokaza nati, tundu la kotapini (pini inayopita kwenye mguu na mapengo ya nati ili nati isifunguke) halikukutana na mapengo hayo, lilikaa juu kabisa ya meno yake. Kotapini ikipita pale haizuii chochote. Basi akachukua waya wa kufungia nondo, akauzungusha mara tatu, akausokota kwa koleo. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nikauona ule waya unang'aa, nikauliza, nikajibiwa, "Hiyo haitoki, kaka." Nikalipa, nikaondoka, kwa sababu matenga yalikuwa yananisubiri na nyanya hazingoji.

Safari ya tatu tukashuka mteremko wa Kitonga usiku, mzigo umejaa. Katikati ya kona utingo wangu akasema, "Kaka, kuna kitu kinagonga huku chini." Nilikisikia na mimi, ko, ko, chini ya miguu kila tukipita pabovu. Nikasema ni shokapu. Tukafika Ruaha Mbuyuni, tukanywa chai, sikuinama hata kuchungulia. Tulipoondoka, mbele kidogo, mwendo ukiwa haujafika hamsini, usukani ukawa mwepesi ghafla. Niliuzungusha, ukazunguka, na gari halikujibu. Likaacha lami upande wetu wa kushoto, likaingia mtaroni, likalala ubavu. Utingo akavunjika mfupa wa mtulinga. Nyanya zilisambaa hadi kwenye mibuyu. Kila nikikumbuka, sikumbuki mtaro. Nakumbuka kwamba saa moja kabla tulikuwa kwenye kona za Kitonga, na ile nati ilikuwa tayari inafunguka.

Asubuhi nililala chini nikaangalia. Nati haikuwepo, waya umekatika, na tundu la mkono wa tairi limekuwa kama yai. Fundi mwingine, mtu mzima, akanionyesha kitu ambacho ningependa kila mwenye gari akijue. Akaufuta mguu wa kiungo kile kipya, akaupaka masizi kidogo, akauingiza kwenye tundu la mkono mzima, akauzungusha na kuutoa. Masizi yalikuwa yamefutika kwenye mstari mwembamba tu karibu na juu. Koni ile ilikuwa nyembamba kuliko tundu, ilikuwa ya gari jingine, ndiyo maana ilizama mno na tundu la kotapini likapita juu ya nati. Ile kotapini iliyokataa kukaa ilikuwa inasema kosa lote, na sisi tukainyamazisha kwa waya.

Kwa hiyo, kabla ya kukaza, fanya jaribio la masizi. Yanatakiwa yafutike karibu koni nzima. Yakifutika juu tu au chini tu, ama kiungo si chake, ama tundu la mkono limelika, na mkono ukilika unabadilishwa, hauwekewi bati. Kotapini ikikaa juu ya nati au tundu lake likifichwa ndani ya nati, fungua yote, rudi dukani. Ikiwa imekosa pengo kwa kidogo tu, ongeza kukaza mpaka pengo linalofuata. Usilegeze nati ili kulitafuta pengo. Kotapini iwe mpya kila mara, yenye unene unaojaza tundu, na isiwe msumari wala waya.

Kabla ya kufungua kiungo cha zamani, pima urefu wa tairodi kutoka katikati ya boli moja hadi jingine, uandike, halafu hesabu mizunguko wakati wa kukitoa. Hiyo itakufikisha kwa mtu wa alaimenti (anayenyoosha tairi zitazame mbele sawasawa) bila kula tairi njiani, lakini alaimenti yenyewe lazima. Ukitoa mguu wa koni, usiupige nyundo kichwani, utaharibu nyuzi. Acha nati ikiwa imeshika kidogo, gonga ubavu wa tundu, utaruka wenyewe. Klampu, vile vibano vinavyoshika viungo kwenye tairodi, zikaze mwisho, baada ya urefu kukaa sawa. Piga grisi mpaka ya zamani itoke. Zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho na uangalie kama kuna kinachogusa springi au mpira wa breki.

Ukitembea kama kilomita hamsini, simama, ingia chini na tochi, shika kila nati. Rudia kesho yake. Weka kotapini za akiba za saizi mbili tatu kwenye boksi la spana. Utingo akikwambia anasikia kitu kinagonga, simama hapo hapo, hata kama mzigo ni nyanya. Na ukiwa chini tayari, tazama bolti za boksi la usukani kwenye chesisi, U-bolti za springi, mipira ya breki, nati za tairi, na ile tairi ya akiba ambayo haijaguswa tangu mwaka jana.