Kabla hujanunua nyumba nje ya mji Spokane: ulizia zimamoto kwanza

Tangu mwaka uanze nimeshaombwa mara tatu na Waswahili wenzangu hapa Spokane, jimbo la Washington, tukaangalie nyumba shambani. Watu wamechoka na apatimenti, wanataka ekari mbili tatu za kulima mboga na kufuga mbuzi. Maswali yao ni mazuri: kisima kina maji kiasi gani, theluji inazolewa na nani, basi la shule linafika wapi. Zimamoto hajaiulizia hata mmoja.

Siwalaumu. Aliyetoka Tanzania amezoea jeshi moja la zimamoto la nchi nzima, na namba moja, 114. Huku ukivuka mpaka wa mji, kazi hiyo huwa ya chombo kinachojitegemea kinachoitwa wilaya ya zimamoto. Neno wilaya lisikupoteze ukaanza kumtafuta mkuu wa wilaya. Ni eneo lenye mipaka yake, kwa kawaida lenye makamishna watatu au watano waliopigiwa kura na wakazi, na fedha zake nyingi zinatoka kwenye kodi ya majengo. Sheria ya Washington inairuhusu itoze hadi dola 1.50 kwa kila dola 1,000 za thamani ya mali. Nyumba ya dola 400,000 basi yaweza kudaiwa hadi dola 600 kwa mwaka, mbali na tozo ya huduma ya dharura za afya, ambayo wakazi huipigia kura. Hiyo nayo iingize kwenye hesabu kabla benki haijakupigia hesabu zake.

Jambo la kwanza ni kujua kama kiwanja kimo ndani ya wilaya yoyote. Mwombe muuzaji karatasi ya kodi ya majengo, usome mstari kwa mstari fedha zinakwenda kwa nani: shule, barabara, maktaba. Kama hakuna mstari wa zimamoto, simama hapo hapo uulize kaunti. Mashariki mwa Washington kuna ardhi isiyo chini ya wilaya yoyote. Idara ya maliasili ya jimbo huzima moto wa misitu na nyasi, lakini kuingia ndani ya nyumba inayowaka si kazi yake. Kilichotokea Obion County, Tennessee, mwaka 2010 kiliwashtua Wamarekani wenyewe. Huko watu wa nje ya mji walitakiwa kulipa dola 75 kwa mwaka ili zimamoto ya mji wa jirani iwahudumie. Familia moja haikuwa imelipa. Magari yalikuja, yakalinda mali ya jirani aliyelipa, nyumba ya wale wengine ikaachwa iteketee. Mfumo wa huku kwetu ni tofauti, lakini ujue inawezekana kabisa kuishi Marekani na kukosa zimamoto.

Ukishajua upo ndani, pima umbali kwa barabara, si kwa jicho. Kampuni za bima hutazama daraja la ulinzi wa moto, kuanzia 1 lililo bora hadi 10 ambalo maana yake huna ulinzi unaotambulika. Nyumba iliyo zaidi ya maili 5 za barabara kutoka kituoni inaweza kuangukia huko chini, hata ukilipa kodi yote. Jamaa yangu mmoja alisaini mkataba kwanza, bima akaiulizia baadaye. Kampuni mbili zilimkataa, ya tatu ikamtajia bei iliyomfanya akae chini. Kuwapigia simu ukiwa na anwani ya nyumba kunachukua dakika kumi.

Halafu, nani hasa anakuja? Kwa nchi nzima, karibu wazimamoto wawili katika kila watatu ni wa kujitolea. Shambani ndio hao: fundi magari, mwalimu, mkulima wa ngano. Kifaa kinalia kiunoni, anaacha spana, anaendesha hadi kituoni, anawasha gari la zimamoto, ndipo safari ya kuja kwako inaanza. Usizifananishe dakika zake na za mjini. Na simu nyingi wanazoitikia si za moto, ni za wagonjwa. Mama akibanwa na kifua saa nane usiku, watakaotangulia kubisha hodi huenda wakawa hao hao, na gari la wagonjwa likifuata nyuma.

Hili nalijua kwa sababu yalitufika. Usiku mmoja wa Januari mama mkwe alishindwa kupumua. Nilisimama barazani nikaziona taa nyekundu zikija, zikapita njia yetu, zikaenda mbali, zikarudi, zikapita tena. Namba ya nyumba ilikuwa kwenye sanduku la barua ng'ambo ya barabara, moja kati ya masanduku sita, na theluji imelifunika. Nikakimbia na kandambili hadi barabarani nikipunga tochi ya simu. Mama alipona, mimi nilibaki na aibu. Wiki iliyofuata nilinunua kibao kinachong'aa kikimulikwa, tarakimu zenye urefu wa inchi 4, nikakipigilia mwanzoni mwa njia yetu, pande zote mbili zisomeke. Wilaya nyingi huuza vibao hivyo kwa bei ndogo. Waulize.

Kuhusu lugha, ukipiga 911, namba ya dharura ya huku, toa anwani kwanza, hata kwa Kiingereza cha kuokoteza, kisha sema "Swahili". Ukisema "Kiswahili" mpokeaji anaweza asikuelewe. Akishaelewa, ataomba mkalimani aunganishwe kwenye simu, na usikate unaposikia ukimya. Anwani iandikwe kwa herufi kubwa na kubandikwa kwenye friji, na watoto waikariri kama wanavyokariri sala.

Njia ya kuingia kwako ipite kwa miguu ukiwa na futi kamba. Kanuni za moto kwa kawaida hutaka upana wa futi 20, nafasi ya juu isiyo na matawi ya futi 13 na nusu, na mahali pa kugeuzia gari kama njia isiyotokea inazidi futi 150. Nyumba za zamani nyingi hazifikii vipimo hivyo. Ukiona kidaraja cha mbao juu ya mfereji, uliza kinabeba uzito gani, maana gari la zimamoto lililojaa maji si pikapu ya kubebea majani makavu.

Maji ndiyo mahali watu wa mjini wanapojidanganya. Shambani usitegemee haidranti, zile bomba za zimamoto za kando ya barabara. Gari linakuja na maji yake, tuseme galoni 750. Mpira mmoja ukimwaga galoni 150 kwa dakika, dakika tano zimekwisha. Nyuma yake linafuata lori la maji, linamwaga kwenye bwawa la turubai linalokunjuliwa chini, linakimbia kujaza tena. Kama una bwawa au tangi kubwa, waonyeshe mapema gari linapoweza kusimama karibu na kuvuta maji. Na ile pampu ya kisima chako inatumia umeme, ambao moto ukikaribia mara nyingi hukatika. Usiiwekee matumaini.

Kwa hiyo kazi kubwa inafanyika kabla. Nyumba nyingi zinazoungua katika moto wa porini huwashwa na cheche zilizopeperushwa na upepo, moto wenyewe ukiwa bado mbali. Futi 5 za kwanza kutoka ukutani zisiwe na kitu cha kuungua: ondoa kuni, mabanzi ya mbao yaliyotandazwa kwenye maua, mkeka wa mlangoni. Mifereji ya paa isafishwe majani ya misonobari. Malden, kijiji kilicho kusini mwa Spokane, kiliteketea sehemu kubwa Septemba 2020 kwa muda wa saa chache, pamoja na kituo chake cha zimamoto. Agosti 2023 ikawa zamu ya Medical Lake, mji mdogo magharibi mwa Spokane, mamia ya nyumba. Wilaya nyingi humtuma mtu azunguke na wewe uani bila malipo, akuonyeshe penye hatari. Wengine pia hufunga vitambua moshi bure, na chako kikifikisha miaka 10 kitupe.

Ile desturi yetu ya kufagia uwanja asubuhi na kuwasha takataka iache. Kuchoma taka za nyumbani ni kosa Washington, na pipa la kuchomea ni marufuku hata uwe na ekari mia. Matawi na majani ya bustani yana kanuni zake, vibali vyake na miezi yake ya kufungwa, hasa kiangazi. Umeme ukikatika wakati wa baridi, jiko la mkaa lisiingie ndani, wala gereji. Desemba 2006, baada ya dhoruba ya upepo magharibi mwa jimbo, watu walikufa kwa hewa ya sumu ya mkaa na jenereta, wahamiaji wakiwemo.

Jiandikishe kwenye ujumbe wa tahadhari wa kaunti. Ngazi ya 1 ni kujiandaa, ya 2 ni kukaa tayari kuondoka dakika yoyote, ya 3 ni kuondoka sasa hivi. Mwenye mbuzi asisubiri 3. Atoke kwenye 1, kwa sababu mbuzi hapandi trela kwa haraka yako.

Mengi ya haya utaulizia kwenye mkutano wa makamishna, unaofanyika kituoni kila mwezi na ulio wazi kwa kila mtu. Mimi nimeenda mara mbili. Mara zote wananchi tulikuwa wawili tu, mimi na mzee mmoja aliyekuja kulalamikia kodi, na kahawa ilikuwa ya kutosha.