Kuwatazama tumbusi wakilea majabalini Hell's Gate: safari ya siku moja kutoka Nairobi

Tumbusi wa mgongo mweupe hujenga mtini. Tumbusi wa Rüppell hutaka jabali lililosimama wima, lenye vibaraza ambavyo fisi hafiki. Majabali hayo yako kilomita 90 hivi tu kutoka jijini, katika mbuga ya Hell's Gate, kusini mwa Ziwa Naivasha. Nimewapeleka watu huko mara nyingi. Wanaokosa kuona hukosa kwa mambo mawili: wamechelewa, au wamefika na kuanza kuzungukazunguka.

Hatua ya 1: Toka gizani

Tumbusi ni mzito, hapigi mbawa ovyo. Husubiri jua lipashe mawe na hewa ya moto ianze kupanda, ndipo ajitupe abebwe. Ukifika saa nne, wengi wameshaondoka. Panda matatu ya Naivasha saa kumi na moja alfajiri, na jaketi uwe nayo, kwa kuwa Limuru haina huruma asubuhi. Naivasha mjini, badilisha gari: panda matatu za barabara ya kusini mwa ziwa, ushukie njia panda ya lango la Elsa. Kiingilio lipia kwa eCitizen, tovuti ya serikali ya malipo, ukiwa bado nyumbani.

Hatua ya 2: Kodi baiskeli

Zinakodishwa pale njia panda. Jaribu breki zote mbili kabla hujalipa. Humu unaruhusiwa kutembea na kuendesha baiskeli, lakini nyati wapo. Ukiwaona, simama mbali, waache wapite.

Hatua ya 3: Tafuta chokaa, usitafute ndege

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Tumbusi aliyetulia ana rangi ya jiwe, na jicho humpita. Kinyesi chake hakijifichi: huteremka ukutani kama chokaa iliyomwagwa. Pitisha macho jabalini polepole, kushoto kwenda kulia, bila darubini. Ukiona michirizi myeupe, elekeza darubini mahali mchirizi unapoanzia. Hapo pana kibaraza, na juu ya kibaraza pana rundo la vijiti na majani. Darubini ya kukuza mara 8 inatosha. Ya mara 12 hutikisika mkononi.

Hatua ya 4: Kaa chini

Chagua kibaraza kimoja, ukitazame saa nzima. Tumbusi huyu hutaga yai moja tu, na mke na mume hupokezana kulilalia kwa karibu siku 55. Ukisogea mpaka ndege anyooshe shingo na kuinuka, umekaribia mno: rudi nyuma. Yai likiachwa wazi, jua au kunguru hulimaliza, na mwaka wa wazazi wale umepotea. Kwa hiyo hakuna kupiga kelele usikie mwangwi, wala kurusha droni. Ndege huyu yuko katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na sumu inayowekwa kwenye mizoga kuwaua simba na fisi imemmaliza kuliko kitu kingine. Naumia kila nikikuta kibaraza chenye chokaa kuukuu na hakuna mtu nyumbani.

Hatua ya 5: Watambue majirani

Ndege wadogo wanaokata hewa kama mundu ni teleka. Hawawezi kutua kwenye tawi. Hujishika ukutani kwa kucha. Ukiona ndege mkubwa mweusi mwenye alama nyeupe mgongoni, huyo ni tai wa Verreaux, anayeishi kwa kuwinda pimbi. Pimbi wenyewe utawakuta kwenye mnara wa Fischer, karibu na lango, wakiota jua.

Hatua ya 6: Korongo, kama mbingu ni safi

Mchana watu huteremka korongo la Ol Njorowa. Mawingu yakijikusanya, hata kwa mbali, usishuke. Maji hufika ghafla na yameshaua watu humo.

Hatua ya 7: Rudi kwenye kibaraza chako

Alasiri tumbusi hurejea mmojammoja, wengine gole, ule mfuko wa chakula wa kooni, limejaa mpaka limetokeza kifuani. Kaa pale pale ulipokaa asubuhi. Anayekuja hutua kando ya kiota, aliyelala huinuka taratibu, na kwa dakika chache, kabla mwingine hajajikunja juu yake, ukiwa na bahati utaliona yai.