Somo: Kutunza shotigani nzuri ya kuwindia katika vumbi la Dodoma

Maelekezo mengi ya kutunza shotigani za mitutu miwili yametoka katika nchi zenye unyevu mwingi, kama Uingereza, ambako kutu ndiyo adui wa kwanza, na ndiyo maana yanasisitiza mafuta. Huku kwetu, ambako mvua hunyesha kati ya Desemba na Aprili na miezi inayobaki ni ya ukame na upepo, mafuta yakizidi ndiyo yanayoharibu bunduki, kwa kuwa hunasa vumbi, na vumbi lenye mafuta husaga chuma kama msasa. Kwa hiyo somo hili linasisitiza kupaka mafuta machache na kufuta vizuri.

Hatua ya kwanza. Elekeza mtutu upande usio na mtu, ifungue bunduki, angalia chemba zote mbili (matundu ya nyuma ya mitutu yanakokaa risasi) kwa macho, kisha zipapase kwa kidole. Risasi zote ziwe chumba kingine. Hatua hii hairukwi hata kama bunduki imetoka kabatini sasa hivi.

Hatua ya pili. Ondoa kishikio cha mbele, tenga mitutu na kitako, kisha tandika kitambaa safi. Skrubu za mtambo (sehemu ya chuma ya katikati inayofyatua risasi) usiziguse. Zina mfuo mwembamba sana, na bisibisi ya kawaida huuchana, jambo ambalo mnunuzi yeyote anayejua huliona mara moja.

Hatua ya tatu: mitutu. Safisha kuanzia chemba kuelekea mdomo wa mtutu, ili uchafu usisukumwe kurudi kwenye mtambo. Anza na kitambaa kikavu kitoe masizi, pitisha dawa ya kusafishia bunduki, iache ifanye kazi kwa dakika chache, kisha pitisha brashi ya shaba. Sehemu inayosumbua zaidi ni pale chemba inapokutana na mtutu, kwa sababu hapo hujikusanya madini ya risasi yaliyobanduka kwenye marisau (vidonge vidogo vilivyomo ndani ya risasi) pamoja na mabaki ya kikombe cha plastiki kinachoyabeba. Maliza kwa vitambaa vikavu hadi kitoke cheupe, tazama ndani ukielekea dirishani, na ukiona doa la kijivu lililong'ang'ania rudia brashi. Mwisho pitisha kitambaa chenye matone mawili matatu tu ya mafuta.

Hatua ya nne: mtambo na bawaba. Aliyetoka kuwinda kanga au kwale upande wa Bahi atakuta vumbi jekundu limeshika kwenye grisi ya pini ya bawaba. Usiongeze grisi mpya juu yake. Futa yote ya zamani kwa kitambaa na mswaki laini, ndipo upake mpya, nyembamba kiasi kwamba karibu haionekani. Jasho la mikono lina chumvi, kwa hiyo futa chuma chote cha nje kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, na baada ya hapo usikishike tena kwa vidole vitupu.

Hatua ya tano: mti. Mafuta ya chuma yasifike kwenye kitako, kwani hulainisha mti pale unapokutana na mtambo, na mti uliolainika hupasuka kwa kishindo cha risasi. Mti wa walnati uliosuguliwa kwa mafuta ya kitani unahitaji tone moja au mawili ya mafuta hayohayo, yasuguliwe kwa kiganja hadi yapate joto, na ziada ifutwe. Wakati wa kiangazi mti husinyaa na huweza kuonekana umelegea; usikaze skrubu kwa nguvu, kwani mvua zikirudi mti utavimba na kujipasua wenyewe.

Hatua ya sita. Isilale ndani ya mfuko wa ngozi, maana ngozi hushika unyevu na chumvi. Ihifadhi kwenye kabati la chuma lenye kufuli, na ikiwezekana mdomo wa mtutu uwe chini, ili mafuta yasichuruzikie mti.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Kongwa:* Shikamoo mwalimu. Mafuta ya kula yanafaa dukani kusipokuwa na mengine?

Marahaba. Hayafai, kwani yakikauka hugeuka gundi na mtambo hukwama. Oili ya injini nayo ni nzito na hukusanya vumbi. Ni afadhali ufute kwa kitambaa kikavu usubiri mafuta halisi.

*Mwanachama wa Mpwapwa:* Mtutu una kibonyeo kidogo. Naweza kukigonga mwenyewe?

Hapana, kaka, na usifyatue tena hata mara moja. Ipeleke kwa fundi wa silaha mwenye leseni, na kibali chako cha umiliki mkononi.

*Mwanachama wa Manyoni:* Nimerithi kihalali shotigani ya zamani ya geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu). Risasi za milimita 70 zinaingia bila shida. Je, nitumie?

Kuingia kwake hakuthibitishi chochote, dada. Urefu huo wa milimita 70 ni wa ganda likiwa limeshafunguka baada ya kufyatuliwa, kwa hiyo risasi ambayo haijafyatuliwa ni fupi zaidi na huingia kwa urahisi hata katika chemba ya milimita 65. Ikifyatuliwa, mdomo wa ganda hukosa nafasi ya kufunguka, msukumo wa gesi hupanda, na mtutu wa zamani huenda usistahimili. Fundi apime chemba kwa kipimo chake na asome alama za majaribio ya nguvu ya mtutu zilizogongwa chini ya mitutu. Hadi apate vipimo hivyo, bunduki ibaki kabatini.