Sumu hupitia ngozini: kupulizia dawa kwenye nyanya bila kujidhuru

Mpuliziaji wa kawaida hufunga kitambaa puani, kisha hupima dawa kwa mikono mitupu. Kwenye shamba la wazi, sehemu kubwa ya sumu huingilia ngozini, na saa ya hatari kuliko zote ni ile ya kuchanganya, kwa sababu dawa iliyo kwenye chupa bado haijakutana na maji. Tone moja la dawa hiyo likibaki kiganjani ni baya kuliko mkono kulowa dawa iliyokwisha kuchanganywa na maji. Kitambaa chenyewe, kikishalowa, hugeuka bandeji ya sumu iliyobandikwa mdomoni.

Kwa hiyo anza na mikono. Glavu ziwe za mpira mzito, ndefu kupita kifundo cha mkono. Za ngozi au pamba hunyonya dawa na kuishikilia mwilini. Nyanya ni zao la chini ya kifua, hivyo mikono ya ovaroli ishuke juu ya glavu ili matone yadondoke nje. Vivyo hivyo suruali: iwe nje ya gambuti, isichomekwe ndani, la sivyo dawa itatiririka hadi unyayoni na kukaa humo siku nzima. Kwa dawa za unga, vaa pia miwani na barakoa ya kuzuia vumbi wakati wa kuchanganya, na simama upepo ukitokea mgongoni kwako.

Bomba la mgongoni lijaribiwe kwanza kwa maji matupu. Lijaze, lifunge, pampu mpaka lishike nguvu, kisha liinamishe. Likivuja kwenye mfuniko, badilisha mpira wake. Likivuja kwenye kishikio, kaza maungio. Bomba linalovuja hulowesha mgongo, maji yakashuka kiunoni hadi kinena, na ngozi ya kinena hupitisha sumu haraka kuliko ya kiganja. Wengi hudhani ni jasho, wakaendelea na kazi hadi jioni.

Kipimo nacho huleta madhara kimyakimya. Tuseme lebo inaagiza mililita 30 kwa lita 20 za maji. Hiyo ni mililita 1.5 kwa kila lita, kwa hiyo bomba la lita 16 linahitaji mililita 24. Ukimimina 30 kwa kuwa "ni bomba moja tu", umezidisha robo nzima. Kizibo cha chupa si kipimo: vizibo havilingani, na dawa humwagikia vidoleni kila unapokishika. Tumia kikombe chenye alama au bomba la sindano lililotengwa kwa kazi hiyo. Weka maji nusu ya tangi, mimina dawa, suuza kipimo ndani yake, ndipo ujaze.

Tangu kantangaze, kiwavi anayeshambulia nyanya, aonekane Tanzania mwaka 2014, wakulima wengi wamezoea kuongeza dozi au kuchanganya dawa mbili tatu kwa kubahatisha. Kiwavi huyo hukaa ndani ya jani, katikati ya ngozi zake mbili. Dawa isiyopenya jani haimfikii hata uiongeze mara mbili. Anayeipata yote ni mpuliziaji. Afadhali kung'oa na kuharibu majani yenye michirizi mapema, na kubadilisha kundi la dawa kwa ushauri wa bwana shamba.

Pulizia asubuhi kabla ya saa 3, au jioni kuanzia saa 10. Mchana joto hukufanya uvue glavu, na ngozi yenye jasho hupitisha sumu kwa urahisi. Vijitawi vikianza kuyumba bila kutulia, acha kazi. Tembea ukikata upepo, ukianzia upande ambako upepo unaelekea, ili usipite kwenye majani uliyokwisha kuyalowesha. Nozo ikiziba, usiipulize kwa mdomo. Isugue kwa mswaki wa zamani na maji. Nyanya zilizoiva zichume kabla ya kupulizia, maana baada ya hapo ni lazima usubiri siku zilizoandikwa kwenye lebo. Kama lebo haisemi vingine, watu wasiingie shambani kwa saa 24.

Chupa ikiisha, jaza maji robo yake, funga, tikisa sekunde 30, mimina kwenye bomba. Fanya hivyo mara tatu, kisha itoboe. Bomba lisioshwe mferejini. Osha glavu kwa sabuni zikiwa bado mkononi, ndipo uzivue. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, kila siku ya kupulizia.

Na maziwa yanayodhaniwa kuondoa sumu? Kunywa maziwa baada ya kazi hakuondoi sumu iliyokwisha kuingia. Kinachosaidia ni sabuni na maji mengi, mapema.

Mtu akiumwa kichwa, akatokwa jasho na mate kupita kiasi, akatapika au misuli ikamchezacheza, mtazame macho. Mboni zikiwa ndogo kama ncha ya sindano, shuku dawa za kuua wadudu za jamii ya profenofosi. Zikiwa za kawaida, usimwondolee shaka bado. Mtoe shambani, mvue nguo zote, mwoshe kwa sabuni na maji mengi. Macho yasafishwe kwa maji yanayotiririka dakika 15. Anayemwosha avae glavu. Usimlazimishe kutapika, na usimnyweshe chochote akiwa hajitambui. Mlaze ubavu wa kushoto na umpeleke hospitali bila kusubiri. Chukua chupa au lebo uende nayo, ikiwa kwenye mfuko uliofungwa: atropini, dawa ya hospitali ya kupinga sumu, hutolewa kwa baadhi ya sumu tu, na jina la kiambato ndilo daktari atakaloulizia kwanza.