Maelezo ya picha yakae ndani ya picha yenyewe
Kwa mwenye maelfu ya picha za familia na za magofu ya Kaole hapa Bagamoyo, nashauri kwamba kabla ya kuvutiwa na mwonekano wa programu ya kupanga picha, ahakikishe inaandika maelezo ndani ya faili la picha lenyewe, si katika hifadhidata yake pekee, kwa kuwa programu nazo hufa: Picasa, iliyopendwa mno, ilisitishwa na Google mwaka 2016. Mimi hutumia digiKam, ambayo ni ya bure na hupanga picha bila intaneti. Chukua nakala ya picha chache, uandike “Kaole, kaburi lenye nguzo”, kisha uzifungue kwa programu nyingine uone kama maneno hayo yamo.